Ukumbi Hauna Mlango

Kaka Shaibu,

Shuleni tunafundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Leo siwezi. Wewe huna tena cha kuhofiwa. Hofu yote imebaki huku kwangu, na ni nyingi mpaka kalamu inateleza vidoleni.

Nakuandikia mchana, nimekaa kizingitini pa chumba chetu. Chiku amelala kwenye mkeka, kichwa chake kiko karibu na goti langu. Mdogo wetu amekwisha, kaka, ungemwona ungeshtuka. Leo ndiyo siku yake. Homa yake huja siku moja na kuruka siku moja, na ikija huanza adhuhuri: kwanza baridi, meno yanagongana, halafu joto la kutisha. Daktari amempa vidonge, akasema leo ndiyo itatuambia kama dawa imeishika homa au bado. Adhuhuri haijafika. Kila nikiandika kidogo naweka kiganja kwenye paji lake la uso. Mpaka sasa amepoa. Lakini juzi asubuhi pia alikuwa amepoa.

Nimeomba ruhusa shuleni. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi. Usinicheke.

Tangu ulipoondoka nyumba hii imekuwa nyingine. Baba alikuja kwenye matanga, akakaa mpaka arobaini ikapita, halafu akarudi kazini kwake Mtwara. Nguo zako ziligawanywa. Shati lako jeupe la shule alipewa binamu Hamisi, na siku moja nilimwona mgongo tu Mtaa wa Msimbazi nikamfuata mpaka karibu na soko la Kariakoo, moyo unanidunda, huku najua kabisa si wewe. Alipogeuka nilimtukana bure, maskini. Mama naye akipita ukumbini anaambaa ukuta. Hakanyagi pale ulipokuwa ukitandika mkeka wako.

Mwalimu wako wa sayansi alikuja kutupa pole. Alivua kofia, akakaa barazani na wanaume. Wakati wa kuaga alimkabidhi Baba daftari lako, lile alilokuwa amelichukua kulisahihisha. Mama alipoliona alitoka chumbani akasema mbele za watu, "Hilo ndilo lililomla mwanangu. Watu hawahesabiwi. Niliwaambia, hamkusikia." Baba akalichukua, akalitia chini kabisa ya sanduku, akafunika na kanga.

Unakumbuka ulivyolianza? Ilikuwa mwanzo wa masika. Mwalimu aliwaagiza kila mmoja achunguze jambo moja nyumbani kwake mpaka mvua ziishe, na wewe kwa ujuaji wako ukachagua mbu na homa. Ulitaka kujua kama vyumba vilivyo karibu na pipa la maji la uani vinapata homa zaidi ya vile vya mbele. Asubuhi ya kwanza ukatoka na kalamu sikioni, bwana mkubwa, unagonga kila chumba: "Humu mnalala wangapi?" Bibi Zainabu alikufungia mlango usoni. Shangazi mzima wa Baba, mtu anayekupenda kuliko sisi sote! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama hakucheka. Alikuita uani, sufuria la vitumbua mkononi, akakwambia, "Unataka kutumaliza? Vikombe huhesabiwa. Watu hawahesabiwi. Na usiandike jina la mtu karibu na jina la ugonjwa, utauita." Ulijaribu kubishana. Ukasema habari za vitabu na za Wazungu, Mama akageuka kwenye moto wake akakuacha unasema na kuta.

Siku mbili ulinuna. Kisha ukaja na hila yako, umeridhika na nafsi yako usiwezekane. Hutahesabu watu, utahesabu milango. Ukachora jedwali: mlango wa bluu ni wetu, mlango wa kijani wa Bibi Zainabu, mlango wenye pazia la maua wa Mama Anjela, na mingine mitatu ya mbele. Chumba kikilaza mtu mwenye joto, asubuhi mlango wake unapata nukta. Hakuna jina, hakuna idadi. Ukamwambia Mama, "Mlango hauna roho, mama. Nitaita nini?" Mama akafikiri, akasema, "Haya, milango." Ukanikonyeza. Na mimi niliona kweli kaka yangu ana akili, ijapokuwa sikukwambia, maana ungevimba kichwa.

Kwa kuwa ulikuwa ukiondoka mapema kwenda shule, kazi ya asubuhi ukanipa mimi. Uliniita Karani Mkuu. Na masharti yako, Shaibu! Wino, si penseli. Ukikosea piga mstari mmoja tu, usifute, kosa lionekane. Usichane karatasi hata ikichafuka. Andika kabla ya chai, kwa sababu ulisema nikishakunywa chai nitaanza kukumbuka nisichokiona. Ukurasa wa kulia nilichokiona, wa kushoto ninachodhani, na ole wangu vichanganyike. Siku niliyoandika "mvua nyingi" ulinisimamisha uani saa nzima: "Nyingi kiasi gani? Nyingi ya kulowesha kanga au ya kuelea mtumbwi?" Kesho yake ukaweka kopo la maziwa karibu na pipa, ukatumia rula yako kupima maji yake, na Mama Anjela akayamwaga akidhani ni uchafu wa watoto. Ulitaka kulia.

Na ule mchoro wa kiluwiluwi. Mimi nilikichora kidogo kiasi cha ukucha, ukasema kichore kijae ukurasa, kila sehemu ionekane. Kwa hasira nikakichora kikubwa na nikakiwekea kope za macho. Hukukifuta, kwa sababu sharti ni sharti. Mwalimu ameweka alama ya kuuliza nyekundu kwenye kope zile. Hukuwahi kuiona. Ningelipa chochote uione.

Nimemshika Chiku tena. Amepoa. Anapumua kwa mdomo. Sipendi anavyopumua kwa mdomo.

Wewe uliugua ghafla. Ndivyo tunavyowaambia watu wanaouliza: ghafla. Asubuhi ulikwenda shule, jioni wenzako walikurudisha mabegani unasema maneno yasiyoungana, na kabla ya siku ya tatu hatukuwa nawe. Sitaandika zaidi ya hapo.

Baada ya hapo niliogopa kalamu. Darasani nikiambiwa niandike jina langu juu ya karatasi mkono ulikuwa unakataa. Mama alisema daftari ndilo lililokumaliza. Sikuamini, na niliamini. Vyote viwili vilikaa ndani yangu pamoja, na nikienda kulala kile cha pili ndicho kilichokuwa na nguvu.

Halafu Chiku akaanza kukonda. Miguu ikawa vijiti, tumbo likawa mbele. Mama alisema anakuwaza wewe, watu wote tukakubali, maana nani hakuwazi? Siku akipata joto tunamlaza, kesho yake anaamka anacheza rede uani na Anjela, tunasema alhamdulillahi imeondoka. Inaondoka, inarudi. Kila ikirudi tunasema ni homa nyingine, ndogo.

Wiki iliyopita Mama alikwenda sokoni kununua mchele wa vitumbua. Chiku alikuwa anatetemeka chini ya shuka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilifungua sanduku, nikaondoa kanga, nikalitoa daftari lako. Nilitaka kujua tu kama homa za nyumba hii zina mwisho. Mikono ilikuwa na jasho mpaka nikaacha alama kwenye jalada.

Kwenye jedwali la milango mwalimu wako alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: nukta hizi ni za mtu mmoja au za watu mbalimbali? Nilikasirika. Nikajisemea, huyu naye, tungejuaje, si tumesema ni milango? Lakini swali lilinikaa. Nikaziangalia nukta kwa kidole. Leo mlango wa kijani. Kesho hakuna. Keshokutwa pazia la maua. Kesho yake hakuna. Halafu bluu. Halafu hakuna. Milango mitatu ya mbele ilikuwa mitupu karibu masika yote, na hii mitatu ya nyuma haikupata nukta siku moja kwa pamoja hata mara moja. Zilikuwa zinapokezana.

Nikaenda kwa Bibi Zainabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamuuliza yule mtoto aliyekuwa na joto kwake wakati wa masika alikuwa nani. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Si Chiku huyo? Alikuja kunilalia, na asubuhi nikakwambia kuna mtoto amelala na joto humu. Hukuniuliza nani." Nikavuka ukumbi kwa Mama Anjela, alikuwa anachambua vitunguu vyake vya kwenda navyo sokoni. Akasema, "Ni Chiku, mwanangu. Alilala na Anjela wangu, akaniloweshea shuka lote kwa jasho. Nilidhani mama yako anajua."

Unamjua Chiku, kaka. Hulala pale usingizi unapomkuta. Leo kwa Bibi kwa ajili ya hadithi, kesho kwa Anjela kwa ajili ya mwanasesere. Kwenye daftari letu alikuwa milango mitatu yenye homa kidogo kidogo. Kumbe alikuwa mtoto mmoja, anaumwa masika yote mbele ya macho yetu, na sisi tunamwona anakula ubuyu.

Nikasimama ukumbini, daftari liko wazi, na hapo ndipo nilipokutafuta wewe. Nilitaka nione nukta yako. Nikaenda kwenye ule mchoro wako wa nyumba, mzuri, wa rula: vyumba vyote vimetajwa, jiko limetajwa, choo, pipa la maji na umbali wake. Ukumbi umeuandika neno moja tu: njia. Ulikuwa ukilala pale kila siku, miguu imeelekea uani kwenye pipa, bila chandarua, na ukaandika njia. Ukumbi hauna mlango, Shaibu. Hukuwa na nukta kwa sababu hukuwa na mahali pa kuiweka.

Ndipo yakaja mambo ambayo macho yangu yaliyaona na daftari halikuyaona. Asubuhi uliyojifunika gunia juu ya shuka ukasema ni baridi ya mvua. Jioni uliyomwomba Mama chai ya tangawizi, ukaacha wali, wewe wa kuacha wali! Siku uliyosema umechoka na hesabu. Siku hizo ulichelewa kuamka, nikakuruka pale ulipolala nikaenda kuuliza milangoni nani amelala na joto. Sikulaumu, kaka, wala sijilaumu, tulifanya kama tulivyokubaliana. Niliogopa tu. Niliogopa kwamba mtu anaweza kuwa mbele yako kabisa na asiwe na nafasi ya kuandikwa. Bado naogopa hivyo hivyo.

Mama aliporudi nilimwonyesha kila kitu, hata kabla hajatua mchele. Nilidhani atanipiga. Alizifuata nukta kwa kidole, za kijani, za maua, za bluu, mimi namwambia Chiku, Chiku, Chiku. Hakuniuliza nani aliniruhusu kufungua sanduku. Alimtia mtoto mgongoni, akamfunga kanga, tukatoka kwenda hospitali kwa miguu.

Daktari alimbonyeza tumbo upande wa kushoto, akatikisa kichwa, akasema bandama limevimba. Akauliza homa ilianza lini. Mama akasema, "Juzi..." halafu akakatiza. Akanitazama mimi. Nikasema, "Tangu masika, daktari, inaruka siku." Daktari akageuka akaniangalia vizuri. Akatuagiza tuandike kila siku: baridi inaanza saa ngapi, jasho linatoka saa ngapi, na jina la mtoto juu yake. Akasema tusimchanganye na mtu mwingine, na tukirudi turudi na maandishi.

Nyumbani nilifungua ukurasa mpya. Tarehe niliandika. Hali ya hewa niliandika. Nilipofika kwenye jina, kalamu ikasimama. Kaka, sikuweza. Niliona wazi kabisa nikiandika Chiku na pembeni yake homa, basi nimemkabidhi. Nikamwambia Mama, labda niandike mlango wa bluu, sisi wenyewe tutajua. Mama akasema, "Hapana. Mlango hauumwi."

Akaninyang'anya kalamu. Unajua Mama hajui herufi zetu za shule, lakini chuoni alisoma Kurani mpaka akahitimu. Akaandika Chiku kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, taratibu, wino ukakauka akachovya tena. Akasema, "Kama ni kuita, imeitwa na mkono wangu. Itanianza mimi niliyemzaa." Kisha akanirudishia kalamu akaenda kuwasha moto, na nikamsikia analia jikoni.

Muadhini ameanza. Ngoja.

Nimerudi. Swala imekwisha na jua limeanza kupinda. Nilikaa nimemshika mkono muda wote ule, sikuthubutu kuandika hata herufi moja. Katikati ya adhana niligusa mguu wake ukawa baridi kabisa, nikapiga kelele. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, Bibi Zainabu akaja na tasbihi, Mama Anjela aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka sokoni akaangusha kapu ukumbini. Kumbe mtoto alikuwa ameutoa mguu nje ya mkeka, umelala kwenye saruji. Mama Anjela alinisonya. Lakini hakuna aliyeondoka. Walikaa wote hapa, vitunguu vimezagaa, kila mmoja anaangalia kifua cha Chiku kikipanda na kushuka.

Baridi haikuja. Tulingoja, haikuja. Nilimshika paji la uso, shingo, kwapa. Amepoa. Mama naye akamshika, Bibi naye, mpaka mwenyewe akaamka kwa hasira akasema, "Mbona mnanishikashika?" Akadai kitumbua. Tumempa, anakula sasa hivi, amenipa mgongo, amenuna.

Na hapa ndipo pagumu kuliko pote, hukunifundisha hapa. Kuandika homa niliogopa, lakini kuandika kwamba hana homa naogopa zaidi. Katika nyumba hii nani husema mtoto ni mzima, waziwazi, kwa kinywa chake? Ukiulizwa unasema hajambo kidogo, ili jambo lipite bila kuonwa. Nami nikaandika hivyo: hajambo kidogo. Mama akaniuliza nimeandikaje, nikamsomea.

Akasema, "Ana joto kidogo?"

Nikasema hana.

"Ametetemeka kidogo?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi hilo kidogo umelitoa wapi?"

Nimelipiga mstari mmoja, bado linaonekana chini yake. Nimeandika: hana joto, hakutetemeka, amekula. Nimesema mashaallah kwa sauti, Mama akasema, Bibi Zainabu akasema, na Mama Anjela akapiga ishara ya msalaba. Tumeogopa wote pamoja.

Sasa nimeshika jambo jema mkononi na hofu haikupungua hata chembe, imebadilisha sura tu. Keshokutwa ndiyo siku yake tena. Binamu Hamisi amekuja kukaa nasi, analala ukumbini pale pale, na leo asubuhi nilimwamsha kwa mguu nikamuuliza ameamkaje. Alinitukana. Nimeandika jina lake, na matusi yake nimeyaandika kushoto.

Kaka Shaibu, Mungu akupe mapumziko mema. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kuogopa, nitakuwa nimekudanganya, nawe ulichukia mtu anayeandika asichokiona. Nakuahidi keshokutwa nitakaa hapa hapa kizingitini, kabla ya adhana, wino tayari. Nitaandika jina la Chiku kwanza. Halafu nitamtazama, na nitakachokiona, chochote kile, nitakiandika.

Mdogo wako,
Mwajabu